Baraza la Nyumba Juu ya Mashine ya Kufulia

Mashine yetu ya kufulia ilikufa Jumapili usiku, mwezi wa pili, na sare za watoto wote wa nyumba zikiwa ndani yake. Hapa Panda, mjini Likasi, mwezi wa pili ni wa mvua. Nguo ikianikwa asubuhi, saa nane mchana imelowa upya, kwa hiyo ufuaji wa wiki nzima husogezwa hadi Jumapili jioni, watu wakitegemea kwamba mashine itakamua na pasi itamalizia. Kuran, yaani umeme, ilikatika mashine ikiwa bado inasuuza. Mashine nyingi zenye dirisha la duara mbele hujifunga mlango maji yakiwa ndani, na bila kuran hazifunguki kwa kuvutwa. Tukangoja. Karibu na usiku wa manane taa zikawaka kwa weupe mkali usio wa kawaida, kitu kikalia ndani ya mashine, na harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa jikoni.

Asubuhi watoto walipanga mstari mbele ya lile dirisha, wakitazama mashati yao meupe yamelala kwenye maji ya kijivu. Yule mdogo kuliko wote akauliza: "Kambo hana ufunguo?" Kambo, mama mkwe wangu, alikuwa na funguo za kila kabati la nyumba hii, lakini huo hakuwa nao. Hakuna aliyekwenda shule siku hiyo.

Fundi alifika mchana. Aliinama chini kabisa, akafungua kidirisha kidogo cha chujio, akayaachia maji yatoke polepole ndani ya beseni, kisha akavuta kamba fupi iliyojificha pembeni. Mlango ukafunguka. Ninalieleza hili kwa sababu mashine nyingi za aina hiyo zina kamba kama ile, na wenye mashine wengi hawaijui. Baada ya hapo aliigeuza mashine, akatutolea vitu viwili na kuvilaza juu ya gazeti. Cha kwanza kilikuwa bodi ya umeme yenye doa jeusi katikati. Cha pili kilikuwa ile rezistansi ya kupasha maji, imevikwa ganda la chokaa nene na gumu hata chuma chenyewe hakionekani.

"Mama," akaniambia, "kuran imeiua jana. Lakini kama isingeiua kuran, maji yangeiua mwaka huu huu."

Nchi yetu ya Katanga ina miamba mingi ya dolomiti, na maji yanayopita humo hubeba chokaa. Ndiyo inayobaki nyeupe chini ya birika la chai. Chokaa hiyo huila sabuni kabla sabuni haijaugusa uchafu: povu linakataa kupanda, unga unaongezwa, na shati jeupe hubaki na rangi ya mawingu. Mashine inayopasha maji hayo hadi nyuzi 60 huigandisha chokaa juu ya chuma chake kila inapofua. Ile yetu ilitoka Ubelgiji ndani ya kontena la vitu vilivyokwisha kutumika. Ilitutumikia vizuri kupita nilivyotarajia, na sina ubaya nayo.

Tangu Jumatatu ile ufuaji ulirudi kwenye karo la saruji nyuma ya nyumba, na hapo ndipo jambo lenyewe lilipoanza kuniuma. Anayefua katika nyumba zetu tunamjua sote. Si baba, na mimi narudi kazini jioni. Ni binti wa yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, anayekaa kwetu ili amalize sekondari. Shuka, taulo, jinzi za wavulana, nguo za Kambo, vyote vilipita katika mikono yake, na jinzi iliyolowa huhitaji watu wawili kuikamua. Kabla wiki hazijawa nyingi ngozi ya vidole vyake ilikuwa imepasuka kwa sabuni ya mche, na nilimkuta usiku akishika kalamu kwa namna ya mtu anayeogopa kuikunja mikono. Nikasema mbele ya wote kwamba mashine tutakayonunua ni ya mikono hii, na yeyote atakayeleta hoja aanze hapo.

Hoja zilikuja, maana nyumba yetu haina mtu asiye na neno. Baba watoto alitaka ile inayofua na kukausha ndani ya pipa moja. Alikuwa na sababu, na sababu zake ni za kweli kabisa. Kwanza ni mvua, inayotushika kuanzia Novemba hadi Aprili. Pili ni nzi. Kuna nzi hapa kwetu anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa, hasa kivulini. Funza wakitotolewa huingia katika ngozi ya anayezivaa, na mtoto anaamka na jipu lenye kitu kinachopumua ndani yake. Ndiyo maana Kambo hupiga pasi hata nepi, hata soksi, akikazia kwenye mishono. Joto la mashine ya kukaushia nalo huyaua mayai hayo.

Tatu ni vumbi, na kwa watu wa Panda hilo si la kupuuza. Mtaa huu umekulia ubavuni mwa viwanda. Kampuni ya Union Minière iliweka hapa Panda mitambo yake ya kuchambua na kuyeyusha madini ya shaba, na mwaka 1929 kiwanda cha Shituru kikaanza kutoa shaba kwa njia ya umeme, mwendo mfupi kutoka hapa. Mji ulikuwa ukiitwa Jadotville siku hizo. Kiangazi, kuanzia Mei, upepo unainua udongo mwekundu pamoja na yote yaliyotua juu yake kwa karibu miaka mia. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba wakazi wa Katanga walio karibu na migodi na viwanda wana kobalti nyingi mno katika mkojo wao, watoto wakiwa wameathirika zaidi, na vumbi likatajwa miongoni mwa njia zinazoiingiza mwilini. Ukilijua hilo huwezi kulitazama shuka lililoanikwa nje mwezi wa saba kwa macho yale yale. Kwa hiyo baba watoto alipouliza kwa nini nguo za wanawe zikauke katika hewa ile, sikumbishia.

Jibu la swali lake lililetwa na mulamu wangu, yaani shemeji, bila yeye kujua. Anafanya kazi Kolwezi, na mgeni mmoja wa kampuni alipokuwa akirudi kwao alimwachia mashine ya kukaushia, kubwa, nyeupe, isiyo na mkwaruzo. Mulamu akaipakia kwenye gari akatuletea kama zawadi. Nyumba nzima ilifurahi. Majirani wawili walikuja kusaidia kuishusha, na Kambo akaamuru ipitie mlango wa mbele.

Jioni ile tulitia ndani shuka mbichi, tukachomeka. Taa zikashuka hadi zikawa nyekundu. Televisheni ikazima. Pipa likazunguka kwa uvivu, likasimama, kisha dijonkteri, ile swichi inayokata umeme, ikaruka. Tukairudisha, ikaruka tena. Kutoka kiwanja cha jirani sauti ya mama mmoja ikapaa juu ya ukuta: "Ni nani anakula kuran yetu yote?" Wavulana wakawasha jenereta ndogo ya wati 1,000, ilikohoa, ikatoa moshi, ikanyamaza. Ndipo mwanangu mkubwa, anayesoma umeme, akaisoma ile karatasi ya chuma nyuma ya mashine: wati 2,400. Akaleta kipimo chake, akakichomeka ukutani: volti 170 na kitu, pahali panapotakiwa 220. "Mama," akasema, "hii kitu haiwezi kukaa hapa."

Inauma, kwa sababu umeme wenyewe unazaliwa jirani. Maporomoko ya Mwadingusha kwenye mto Lufira yalifungwa mitambo mwaka 1930 ili kulisha viwanda hivi hivi, ya Koni yakafuata mwaka 1950. Kuanzia mwaka 1982 upo pia waya unaobeba umeme wa bwawa la Inga hadi Kolwezi, umbali wa kilomita 1,700 hivi, ukipita juu ya vijiji vingi visivyo na taa hata moja. Viwanda ndivyo vilivyopigiwa hesabu. Jikoni zilihesabiwa baadaye. Mashine ya kukaushia inayotengenezwa Ulaya hudhani kwamba nyuma ya soketi kuna umeme mnono saa zote.

Kijana hakuishia hapo. Alikaa mezani na Kambo, akamwandikia hesabu ambayo Kambo aliielewa haraka kuliko sisi sote. Kuyafanya maji ya kilo moja yawe mvuke kunataka umeme wa karibu kilowati-saa 0.7, na hakuna mashine ya rezistansi inayoweza kukwepa gharama hiyo. Nguo za kilo 5 zilizokamuliwa kwa mikono iliyochoka zinaweza kubaki na maji ya kilo 5 vilevile. Zikikamuliwa na pipa linalozunguka mara 1,300 kwa dakika, hubaki na karibu nusu ya hayo. Nusu iliyotoka imeondolewa na injini ya wati zisizofika 200 kwa dakika 5, umeme usiotosha kuchemsha birika la chai. Zipo mashine mpya za kukaushia zinazozungusha joto lao wenyewe badala ya kulitupa, nazo hula umeme mchache zaidi, lakini bei yake ingemaliza ada za shule za mwaka.

Kambo akaisukuma karatasi mbele ya mwanawe. "Basi kazi iko katika kukamua," akasema. "Kukausha, upepo utafanya."

Tangu hapo mazungumzo ya nyumbani yakabadilika. Ikabaki kuchagua ya kufulia, na baba watoto bado aliipenda yenye mlango wa mbele. Hutumia maji machache, haiburugi nguo, na mtu huiachia kazi akaenda zake. Hayo yote ni kweli pale maji yanapokuja yenyewe. Kwetu bomba hutoa maji usiku, siku nyingine halitoi, na tunaishi kwa tanki lililokaa juu ya nguzo za matofali.

Tulishuka Lubumbashi, kilomita kama 120 nyuma ya malori ya shaba, tukaingia madukani. Katika duka moja muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Alitufungulia milango ya mashine zote, akatuonyesha programu za sufi na hariri, akatuonyesha hata ile inayoongozwa kwa simu. Nikamwuliza presha ya maji inayoombwa. Hakuwa na jibu, lakini hakuona haya kutafuta. Akakitoa kitabu ndani ya boksi, tukakisoma pamoja tukiwa tumesimama. Iliandikwa megapaskali 0.05 kwenda juu. Mwanangu akaigeuza palepale: hiyo ni nusu ya baa, na nusu ya baa ni maji yaliyo mita 5 juu ya mashine. Tanki letu liko mita 3. Mashine ile ingefika Panda, ingewasha taa zake nzuri, ingengoja maji kwa dakika kadhaa, kisha ingeandika alama ya kosa na kusimama. Mtu angeweza kuongeza pampu, lakini pampu inataka kuran, na kuran ndiyo iliyotuleta dukani.

Kabla hatujaondoka nyumbani Kambo alikuwa ametupa swali lake, nasi tukalibeba: "Kuran ikikatika katikati, manguo yatatoka?" Nililiuliza kama lilivyo, kwa heshima yake. Kijana akafikiri, kisha akatupeleka nyuma ya duka, mahali ambapo wateja wengi hawafiki. Huko zilikaa mashine za mapipa mawili, za plastiki, nyepesi, zisizo na dirisha wala kompyuta. Pipa moja linafua, la pili linakamua. Mfuniko unafunguka saa yoyote, kuwe na kuran kusiwe na kuran. Maji unayamimina kwa ndoo. Injini yake ya kufulia haikufika wati 400, kiasi ambacho hata jenereta yetu ndogo inaweza kukibeba. Haina rezistansi ya kuvaa chokaa, haina bodi ya kuungua.

Baba watoto aliitazama kwa muda mrefu. Alitamani kuipelekea familia yake kitu kizuri, na hiki hakikuwa na uzuri wowote machoni. Ninamheshimu kwa alichokifanya baada ya hapo: aliinua mfuniko wa pipa la kukamua, akaingiza mkono, akausukuma ukuta wake ukazunguka, akasema, "Hii itamtoshea binti yetu." Bei yake ilikuwa ndogo hata tukabakiwa na fedha za kununua kifaa kidogo cha kulinda umeme, kile kinachokata kuran volti zinapopanda au kushuka kupita kiasi, na kungoja dakika chache kabla ya kuiruhusu irudi. Ningekuwa na kifaa hicho Februari, ile ya Ubelgiji isingekufa usiku ule.

Sitaificha dosari yake. Haifui peke yake: lazima mtu awe karibu, ahamishe nguo kutoka pipa moja kwenda jingine, amwage maji, amimine mengine. Inakunywa maji mengi. Blanketi zito haliingii, hilo bado linakanyagwa kwa miguu ndani ya karo, na siku hizi linakanyagwa na wavulana. Maji hayapashwi, nguo zenye madoa ya mafuta tunaziloweka usiku. Pipa la kukamua likiwa limepangwa vibaya hutikisika hadi mashine inatembea barazani, kwa hiyo nguo huzungushwa kando kando na kufunikwa kwa kile kisahani chake. Na mtoto mdogo asisogee hapo, hata kama mfuniko una breki.

Lakini faida moja haikuwa hata katika hesabu zetu. Mashine inayopokea ndoo haiulizi maji yametoka wapi. Tukaweka mfereji wa bati chini ya paa na pipa la lita 200 mwishoni mwake, tukiyaacha maji ya mvua ya kwanza yapite na vumbi lake. Maji ya mvua hayana chokaa. Sabuni kidogo tu inatosha kupandisha povu, na mashati ya shule yakarudia weupe ambao nilidhani umekwenda pamoja na utoto wao. Katika miezi ile ile ya mvua iliyokuwa ikitutesa kwa kukausha, kufua kumekuwa rahisi kuliko wakati wowote.

Kwa kukausha, baba watoto alifanya kazi ambayo sasa ninaiona bora kuliko zawadi ya Kolwezi. Aliifunga baraza ya nyuma kwa wavu wa madirisha kuanzia ukuta hadi bati, akavuta kamba ndani yake. Nguo zilizokamuliwa na pipa hukauka humo hata mvua ikinyesha nje, zikichukua usiku mmoja, au usiku na nusu ya siku ya pili. Nzi haingii. Vumbi la kiangazi linapungua, ingawa haliishi. Pasi ya Kambo haikustaafishwa. Alijifunza kupiga pasi katika foyer social ya kampuni, enzi ambapo wake za wafanyakazi walifundishwa humo kushona, kupika na kutunza nyumba, na hakuna wavu utakaomshawishi kuacha mshono bila kuugusa kwa moto. Kuran ikiwapo anatumia ya umeme, isipokuwapo anatumia ya makaa. Yuko sahihi, wavu hutoboka.

Ile mashine nyeupe ya mulamu tulimrudishia kwa shukrani. Amepata mtu wa kuichukua katika kambi yenye transfoma yake. Na binti wa yaya wangu anafua Jumamosi asubuhi, anamaliza kabla ya chakula cha mchana, na Jumapili anasoma. Vidole vyake vimepona.

Ninyi mnaouza mashine hizi Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, nawaomba neno moja. Mbele ya kila mashine, kando ya bei, bandikeni karatasi inayosema inaomba wati ngapi, presha gani ya maji, na kama inaweza kujazwa kwa ndoo. Yote yameandikwa katika kitabu kilicho ndani ya boksi. Nawe unayekwenda kununua, usitoe fedha kabla kitabu hicho hakijafunguliwa mbele yako, na upime kwanza urefu wa tanki lako na volti za soketi yako saa moja jioni.